Utamlisha Nini? Serikali Inapouliza Swali la Mkwe

Baba wa binti akiletewa posa, mapema au baadaye atauliza: huyu kijana anafanya kazi gani? Hata kama ni mstaarabu wa kulificha swali ndani ya maswali mengine, wote waliokaa barazani wanajua anachotaka kujua. Utamlisha nini mwanangu? Na hakuna anayekasirika. Swali lina haki yake, na mshenga aliyekuja bila jibu amekuja kutembea tu.

Siku hizi swali hilo linaulizwa na mkwe mwingine, ambaye hakai barazani wala hanywi kahawa. Ni serikali. Mtu mwenye uraia au makazi ya kudumu Uingereza au Marekani, akioa au akiolewa na mtu wa nje, anatakiwa athibitishe kwa makaratasi kwamba kipato chake kinafika kiwango fulani, la sivyo mwenzi wake hapati viza ya kwenda kuishi naye. Wengi wetu tuna ndugu aliyepita hapo, au aliyekwama hapo: hati za mshahara za miezi sita, taarifa za benki, barua ya mwajiri, na roho juu kwa sababu tarehe moja haikulingana na nyingine. Jinsi ya kujaza fomu watakueleza wengine. Mimi nataka kujua kama serikali ina haki ya kuuliza swali la mkwe, na kama inapouliza, inauliza swali lile lile.

Tuanze na Uingereza, maana huko swali limebadilika mbele ya macho yetu. Zamani wanandoa walitakiwa kuonyesha tu kwamba wataweza kujikimu bila kutegemea fedha za umma. Julai 2012 ikaja namba: mdhamini awe na kipato cha pauni 18,600 kwa mwaka. Unaweza usiipende namba hiyo, lakini ilikuwa na hoja nyuma yake. Wachumi wanaoishauri serikali kuhusu uhamiaji walitafuta kiwango ambacho wanandoa wakikifikia hawatastahili tena misaada inayotolewa kwa wenye kipato kidogo. Yaani ilikuwa bado ni jibu la "utamlisha nini?"

Tarehe 11 Aprili 2024 namba ikapanda hadi 29,000. Safari hii hesabu haikutoka kwenye gharama ya kula, kuvaa na kulala. Ilitoka kwenye mishahara ya kazi zinazomwezesha mgeni kupata viza ya mfanyakazi mwenye ujuzi, na mpango ulikuwa kuipandisha kwa hatua hadi 38,700. Serikali iliyoingia Julai mwaka huo ilisimamisha upandishaji ili wataalamu wapitie upya, ila 29,000 ikabaki palepale. Sasa fanya hesabu ndogo. Kima cha chini cha mshahara Uingereza kwa mtu mzima, kuanzia Aprili 2024, kilikuwa pauni 11.44 kwa saa. Mtu akifanya kazi saa 35 kwa wiki, mwaka mzima, anapata kama pauni 20,800. Anapungukiwa na zaidi ya 8,000. Serikali ile ile iliyosema kwa sheria kwamba mshahara huu ni halali kumlipa mtu, inamwambia mtu huyo huyo kwamba kwa mshahara huu hafai kuishi na mkewe.

Hapo ndipo naona swali limegeuka. Mkwe aliuliza kama binti atakula. Serikali sasa inauliza kama muoaji ni mtu wa daraja fulani. Na kama huna mshahara wa kuonyesha kabisa, kuna mlango mwingine: uwe na pauni 88,500 za akiba zilizokaa miezi sita. Ukiwa nazo, hakuna atakayekuuliza unafanya kazi gani.

Wapenzi wa falsafa wanaomsoma Michael Walzer watakumbuka kitabu chake cha 1983, Spheres of Justice. Kinanivutia kwa sababu kinabeba pande zote mbili za ugomvi huu ndani ya jalada moja. Katika sura inayohusu uanachama, Walzer anatetea haki ya jamii kuchagua nani ajiunge nayo. Bila haki hiyo, anaona, jamii haiwezi kubaki na sura yake. Ukifunua mbele, kwenye sura ya fedha, anaorodhesha vitu ambavyo fedha haipaswi kuvinunua, na humo ameweka haki ya kuoa na kuzaa. Fedha ibaki sokoni, isivuke kwenda kutawala nyumba na ndoa. Basi viza ya mwenzi ni ya sura ipi? Ukisema ni ya uanachama, serikali ina neno. Ukisema ni ya ndoa, namba haina kazi hapo. Tatizo ni kwamba ni ya zote mbili, na mtu anayesimama katikati ni raia ambaye tayari ni mwanachama. Hakuomba kujiunga. Anaomba kuishi nyumbani kwake na mtu aliyemuoa.

Wapo watakaosema, na wana hoja: chungu ni cha wote. Hospitali, shule, barabara, vyote vinalipiwa na kodi za watu ambao hawakualikwa harusini. Kwa nini wao wabebe mzigo wa mapenzi ya mtu mwingine? Nalichukua swali hili kwa uzito, maana mtu anayelikejeli huwa hajawahi kuwa mlipaji pekee katika ukoo. Lakini tukumbuke mambo mawili. Viza yenyewe ya mwenzi tayari inamkataza mgeni kuchukua misaada ya umma, na tangu Februari 2024 analipia huduma ya afya pauni 1,035 kwa kila mwaka wa viza, pesa ambayo hutolewa mapema, kabla hata hajakohoa. Kwa hiyo chungu kimeshafunikwa mara mbili kabla namba haijafika. Halafu, raia maskini anayemuoa jirani yake maskini wa mtaa wa pili hakuna anayemuuliza hati ya mshahara. Watakujibu kwamba yule jirani yupo tayari nchini. Sawa. Ndiyo maana sisemi serikali haina haki ya kuuliza kabisa. Ninachogombania ni aina ya majibu inayokubali kuyasikia.

Rudi barazani. Nisiwapambe wazee, maana tunawajua. Wapo wakwe walafi, wapo waliofanya mahari kuwa mnada, na wapo vijana waliozeeka wakitafuta ng'ombe wa mtu. Lakini hata mkwe mlafi ana masikio. Ataambiwa: kijana hana kitu leo, ila ni fundi na mikono yake inajulikana. Ataambiwa: mjomba wake ana duka, hawatalala njaa. Ataambiwa mahari italetwa kidogo kidogo. Ataambiwa, na hili wengi walilisahau wakalikumbuka binti alipoanza kupokea mshahara, kwamba binti mwenyewe ni mwalimu na atachangia chungu. Akizidi, atatafutwa mzee anayemheshimu aende kumwambia, bwana, sasa unatuaibisha. Namba haina mzee wa kuiambia hivyo.

Hebu tuchukue mfano wa kubuni. Mke anaishi Leicester, ni raia, ana mtoto mdogo. Mume yuko Mombasa, ni fundi umeme wa miaka kumi. Katika hesabu ya viza, anacholipwa Mombasa hakihesabiwi. Hata ule mshahara atakaoupata akifika hauhesabiwi, na kama mwajiri wa huko amemwandikia barua ya ahadi, barua hiyo haiongezi pauni hata moja. Sheria inamwona kama mdomo tu. Mikono yake haimo kwenye fomu. Kipato chake kitaanza kuhesabiwa akiwa tayari ndani ya nchi na ruhusa ya kufanya kazi, yaani akishapata kile anachokiomba.

Mke naye anafanya kazi siku tatu kwa wiki. Kwa nini tatu? Kwa sababu hana wa kumwachia mtoto, na kumlipia mtoto kituo cha kulelea siku nzima kungemeza mshahara wote. Mtu ambaye angekaa na mtoto ili mama aongeze siku mbili za kazi ni baba yake, na baba yake amezuiwa kwa sababu mama anafanya kazi siku tatu. Ukilieleza jambo hili kwa bibi yeyote wa Mombasa atakuuliza kama walioandika sheria wamewahi kulea.

Mtoto naye anamjua baba kwa simu. Waingereza walifika kuwapa jina watoto hawa, familia za Skype, na ripoti iliyotolewa mwaka 2015 kwa niaba ya Kamishna wa Watoto wa England ilikadiria kwamba walioathirika walifika hadi 15,000. Februari 2017 Mahakama ya Juu ya nchi hiyo ilisema kiwango cha kipato chenyewe ni halali, pamoja na ugumu kinaoleta, lakini kanuni hazikuzingatia ipasavyo masilahi ya watoto, na zilikuwa kali mno katika kukataa vyanzo vingine vya fedha. Kanuni zikarekebishwa baadaye mwaka huo: katika hali za kipekee, msaada wa kuaminika wa mtu mwingine unaweza kuangaliwa. Yule mjomba mwenye duka akaruhusiwa kuchungulia mlangoni. Ila hali iwe ya kipekee, na nani anayetaka ndoa yake iwe hali ya kipekee?

Marekani wamekwenda njia nyingine. Huko tangu sheria ya 1996 mdhamini hutia saini hati ambayo ni mkataba kamili kati yake na serikali: nitahakikisha mtu huyu hashuki chini ya kiwango kilichowekwa. Kiwango ni asilimia 125 ya mstari wa umaskini. Kwa familia ya watu wawili, mwaka 2024, hiyo ilikuwa dola 25,550. Mdhamini asipofika hapo, anaweza kutafuta mdhamini mwenza, ambaye si lazima awe ndugu. Awe raia au mkazi wa kudumu, awe anaishi Marekani, awe na miaka 18, na kipato chake kitoshe familia yake pamoja na mgeni.

Mlango huo una ubinadamu fulani. Unakubali kile ambacho baraza linakijua, kwamba mtu hadhaminiwi na mshahara wake peke yake. Lakini soma masharti ya kutoka. Dhamana hiyo huisha mgeni akiwa raia, au akihesabiwa robo mwaka 40 za kazi, ambazo ni kama miaka kumi, au akiondoka nchini moja kwa moja, au mmoja wao akifa. Talaka haimo. Hata ziwe talaka tatu, karatasi inabaki. Wanandoa wanaweza kuachana kwa matusi, kila mtu akaenda zake, na mdhamini bado anadaiwa chakula cha mtu asiyesalimiana naye. Mgeni anaweza hata kumfikisha mahakamani.

Mdhamini anayetia saini kwa ajili ya mkewe angalau alishaahidi kitu kinachofanana na hicho siku ya ndoa. Anayenisumbua ni mdhamini mwenza. Sisi ni watu wa michango. Harusi ya rafiki ikifika, kamati inaundwa, daftari linazunguka, mtu anatoa laki na hata zaidi ya alichonacho, kwa sababu kutotoa ni aibu na kutoa ni ukumbusho kwamba kesho ni zamu yako. Tumezoea kusaidiana kuingia kwenye ndoa. Basi kijana wa kwetu aliyeko Marekani akiona kipato chake hakifiki, anafanya kile alichofundishwa: anampigia rafiki. Ndugu yangu, nisaidie saini tu.

Saini tu! Rafiki mwenye mke na watoto wawili, kwa hesabu ya 2024, alihitaji kuonyesha dola 45,725, kwa kuwa mgeni anakuwa mtu wa tano katika familia yake. Anatoa hati zake za kodi, anafungua hesabu zake kwa macho ya mwenzake, na anajifunga kwa muda usiojulikana kwa mtu ambaye pengine hajawahi kumuona zaidi ya kwenye picha za harusi. Mchango wa harusi unaisha siku ya harusi. Huu unaanza siku hiyo. Naona tunakosea tunapouita kwa jina lile lile la kusaidiana, na tunapomnunia aliyekataa kana kwamba amekataa kutoa elfu ishirini za soda.

Hata hivyo siwezi kumlaumu anayeomba. Ana mke kule, ana namba hapa, na kati ya vyote viwili amebakiwa na kitabu cha simu. Serikali imeuliza swali la mkwe, kisha imelikabidhi kwa marafiki zake walijibu kwa ajili yake. Ninachomdai ni kimoja: kabla rafiki hajashika kalamu, amsomee masharti yote, pamoja na lile la talaka, kwa sauti, kwa Kiswahili. Kisha anyamaze amsubiri. Na rafiki akisema hapana, wakutane Ijumaa kama kawaida, au Jumapili baada ya ibada, kila mtu na watu wake, na mambo ya viza yasiguswe mpaka mmoja wao ayaguse mwenyewe.