Shahidi Asiyezeeka

Haja ya mtu kujulikana na watu asiowajua haikuzaliwa na kompyuta. Msomaji anayetaka ushahidi wa neno hili na alikumbuke gazeti la Mambo Leo, lililoanza kuchapwa hapa Dar es Salaam mwaka 1923, ambamo washairi wa pwani na wa bara walijibizana kwa beti miaka nenda miaka rudi, wakisifiana na kurushiana vijembe, wengine kwa majina yao na wengine kwa lakabu walizojichagulia, ilhali wengi wao hawakupata kuonana uso kwa uso mpaka wakaingia kaburini. Baadaye redio ikafungua mlango wa pili: mtu wa Masasi akajaza kadi ya salamu, akaorodhesha majina ya watu wa Bukoba, Kigoma na Pemba, akaitia posta, kisha akakaa siku kadha wa kadha sikio likiwa redioni, akingoja mtangazaji alitaje jina lake mbele ya taifa. Magazeti nayo yakawa na safu za marafiki wa kalamu, zenye picha ndogo ya pasipoti, umri, sanduku la posta, na mapendeleo ambayo, sijui kwa ilhamu gani, yalikuwa yale yale kwa kila kijana wa nchi hii: kusoma vitabu, kusikiliza muziki na kubadilishana mawazo. Ni mawazo gani hayo, hakuna aliyesema.

Basi intaneti kafe zilipochipua Mchafukoge mwanzoni mwa miaka ya 2000, katika vyumba vya chini vya magorofa ya kale ya Wahindi, hatua chache kutoka viwanja vya Mnazi Mmoja, wateja waliingia humo wakiwa wamekwisha kuhitimu katika elimu ya kujitangaza, na kilichokuwa kigeni kwao ni chombo tu. Mhudumu aliandika saa ya kuingia katika daftari lililokunjamana, akamwelekeza mteja kwenye kichumba cha plaiwudi, mbele ya kompyuta ambayo vibonye vyake vya A na I vilikuwa vimefutika herufi, maana hakuna herufi Kiswahili kinachozitumikisha kama hizo. Asiyejua namna ya kuanza, na wengi hawakujua, alifunguliwa barua pepe na mhudumu huyo huyo, akafunguliwa ukurasa, akachaguliwa neno la siri, akaandikiwa neno hilo kwenye kipande cha karatasi ambacho alikipoteza kabla hajavuka Mnazi Mmoja kuelekea Kariakoo. Picha ilitoka nyumbani ndani ya bahasha, ikalazwa juu ya skana, ikahifadhiwa katika disketi. Na ule mwaka 2006, wa mgao mkali wa umeme, si mara haba kiza kilimkuta mtu akiwa katikati ya sentensi aliyokuwa akimwandikia mpenzi, na nusu saa yake aliyoilipia ikapotea pamoja na sentensi hiyo.

Ukurasa waliouhusudu watu wa hapa katika zama hizo ulikuwa wa hi5, kampuni iliyoanzishwa San Francisco mwaka 2003. Friendster ilikuwa imeitangulia, na Facebook, iliyozaliwa Februari 2004 kwa ajili ya wanafunzi wa chuo kimoja cha Marekani, haikuwafungulia mlango watu wote mpaka Septemba 2006. Huko hi5 kijana wa dukani alisimama mbele ya gari lisilo lake, amevaa miwani ya kuazima, akajieleza kwa Kiingereza ambacho asingethubutu kukizungumza barazani. Wako waliomcheka. Mimi sikuona ajabu, kwani wapiga picha wa studio walikuwa wakiwasimamisha baba zetu mbele ya pazia lililochorwa ndege na bustani, tena baba zetu wakazituma picha hizo kwa jamaa bighairi ya soni, na jamaa wakazitundika ukutani. Ndugu zetu wenye asili ya Bara Hindi, ambao jamaa zao walikuwa wametawanyika Leicester na Toronto, walipata katika kurasa hizo jambo ambalo barua za anga hazikuweza kuwapa, yaani kumwona mjukuu akikua mwezi hadi mwezi. Na kwa neema hiyo peke yake mimi husita kuitukana teknolojia hii kama baadhi ya wenzangu wanavyopenda kufanya.

Walakini kurasa zile hazikuwa mali yetu, na hilo tulilijua kwa kuchelewa. Julai 2009 mkongo wa intaneti wa SEACOM, uliofika Dar es Salaam kwa njia ya bahari, ulianza kazi. Mwaka huo huo Facebook ikaanza kusomeka kwa Kiswahili, kwa juhudi za wanazuoni waliojitolea kuifasiri. Na watu wakahama hi5 pasipo kuagana. Mwaka 2011 hi5 ikanunuliwa na kampuni ya Tagged, na mwaka huo huo Friendster ikafuta picha na maandishi ya wanachama wake ili igeuke kuwa mahali pa michezo. Orkut ya Google ilifungwa Septemba 2014. Myspace ilikiri mwaka 2019 kwamba, katika kuhamisha mitambo yake, ilikuwa imepoteza picha na nyimbo zilizowekwa humo kwa muda wa miaka 12. Wako akina mama hapa mjini ambao picha ya pekee ya marehemu mtoto wao ilikuwa katika mojawapo ya kurasa hizo, kwa kuwa ile ya karatasi ilitupwa mara tu skana ilipokwisha kazi yake. Na ajabu ya mitambo hii ni kwamba, ilhali imeshindwa kutuhifadhia amana tuliyoililia, fedheha tuliyotamani ipotee imeitunza kwa uaminifu ambao mweka hazina wa chama chochote cha mtaani angeuonea wivu.

Sheria zimejaribu kuingia kati. Mwaka 2014 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya ilitoa hukumu katika shauri la Mhispania mmoja, aliyeudhika kuona tangazo la mwaka 1998 la mnada wa mali yake, kwa ajili ya deni, likijitokeza kila jina lake lilipotafutwa katika Google. Ikaamua kwamba mtu aweza kudai viungo vya namna hiyo viondolewe. (Maskini, shauri lenyewe lililitangaza deni lake dunia nzima.) Sisi nasi tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, ambayo inamruhusu mtu kudai taarifa zake zirekebishwe au zifutwe. Ni sheria njema, nami naipokea kwa mikono miwili. Ila sheria humfaa ajuaye ni wapi alipojiacha, na wengi wetu tulijiacha mahali pengi mno.

Ninalolisema nalisema kwa sababu ya posa moja niliyoisindikiza Ilala, nikiwa jirani na mtu mzima wa upande wa kijana. Zamani, posa ikifika, wazee wa binti walituma mtu mtaani kuulizia, akamwendea muadhini, muuza duka na mpangaji wa mlango wa pili, na kila mmoja akatoa habari zake kwa mizani: kijana huyu alikuwa mtundu, madirisha yetu anayajua, lakini tangu afiwe na baba yake amekaa na mama vizuri. Mashahidi hao walizeeka pamoja na yule waliyemshuhudia. Kosa la mwaka wa kwanza walilipunguza uzito kwa wema wa mwaka wa kumi, na lisilofaa kusemwa wakalisitiri, si kwa kudanganya, bali kwa kuwa nao pia walikuwa na lao ambalo mtaa uliwasitiria. Siku hiyo ya Ilala, baada ya dua na kahawa, baba wa binti alitoa simu katika mfuko wa kanzu, akaninyooshea. Palikuwa na kijana wetu ufukweni, chupa mkononi, fulana begani, na chini yake maneno ambayo sitayaandika hapa.

“Mzee mwenzangu, huyu siye kijana wenu?”

“Ndiye, bwana. Lakini hiyo ni ya zamani sana.”

“Zamani gani, nami nimemwona leo asubuhi?”

Sikuwa na jibu, na hata leo sina. Kila aliyeifungua picha ile aliiona kwa mara ya kwanza, na kwa macho yake kijana alikuwa angali pale ufukweni, hajatubu, hajafiwa. Kwa bahati yule mzee alikuwa mtu wa insafu. Hakufunga mlango, alituma mtu Mchafukoge kwa desturi ya kale, na muadhini na muuza duka wakasema walichokijua, na baada ya majuma kadhaa jibu la ridhaa likaja. Lakini alishurutisha picha iondoke kabla ya nikahi, na hapo ndipo tabu ilipoanza, kwa kuwa kijana hakulikumbuka neno la siri, na barua pepe ambayo ukurasa uliegemea juu yake ilikwisha kufa. Tulimtafuta mhudumu aliyemfungulia ukurasa huo katika kafe iliyofungwa zamani, tukamkuta Kariakoo, Mtaa wa Aggrey, akiuza makava ya simu.

“Mjomba,” akaniambia akicheka, “wateja wangu wote niliwawekea neno moja.”

Lilikuwa jina la timu ya Simba na tarakimu tatu za mwanzo. Kijana wetu, ambaye ni Yanga tangu tumboni mwa mama yake, aliliandika herufi kwa herufi, akaingia, akaifuta picha, kisha akaniomba kwa taadhima nisimwambie mtu.