Moshi Hauna Jina

Wenzangu, kabla sijahamia hapa kambini, kiangazi kimoja nilifanya kibarua cha kulinda moto juu ya Wanale, ule mgongo wa Mlima Elgon unaoutazama mji wa Mbale. Kazi ilikuwa kukodolea msitu macho. Nikiona moshi, nipige simu.

Rahisi, eti? Pafukapo moshi hapakosi moto. Lakini nani kauwasha? Upande wa Uganda, Elgon ilifanywa hifadhi ya taifa mwaka 1993, na watu waliokuwa wakiishi ndani wakaondolewa. Wapo ambao bado huingia kurina asali au kukata malewa, yale machipukizi ya mianzi. Mimi mkimbizi, kuondolewa kwenu nakujua.

Asubuhi moja nikaona moshi mwembamba. Nikajisemea: huyo ni mrina asali, nisimchongee. Nikanyamaza nusu saa. Upepo ukageuka, nyasi zikashika. Hadi jioni tulikuwa tunaupiga moto kwa matawi mabichi. Mizinga iliyoungua ilikuwa ya watu wengine, maskini kama yeye.

Kumbe huruma yangu niliilipia kwa mali ya wenzake!

Tangu siku ile nilipiga simu hapo hapo, nikataja mahali. Nikiulizwa ni nani, nilijibu: moshi nimeuona, mtu sikumwona. Na ilikuwa kweli.

Nanyi mnaotujia na fomu, mko juu ya mlima vilevile. Semeni upesi moto uko wapi. Jina la mtu lisubiri mpaka mshuke, mumwulize mwenyewe.