Je, Kunyamaza na Ugonjwa Ndio Uvumilivu?



Tulizika mama mmoja wa kijiji chetu, kando ya Ziwa Tanganyika, siku ya tatu baada ya kuzaa mtoto wake wa sita. Mtoto alipona. Padri alikuwa safarini kuzungukia vituo, kwa hiyo kazi ya kusema maneno makaburini ilituangukia sisi. Tukasema mema mengi juu yake, na yote yalikuwa ya kweli: kwamba hakukosa Misa, kwamba hakugombana na jirani, na hasa kwamba alikuwa mvumilivu, maana miezi yote ya mimba alidhoofu asilalamike hata mara moja. Watu wakaitikia kwa vichwa.

Tulipokuwa tukirudi, mganga wa dispanseri alitembea pamoja nasi, akatuambia polepole: "Mwalimu, damu aliyoipoteza yule mama, mwingine angeipoteza akaamka. Yeye alifika hana damu ya kupoteza." Tangu siku ile neno letu lile, mvumilivu, latusumbua. Tulimsifu kwa jambo gani?

Ugonjwa wenyewe si fumbo. Wazee wa Kiswahili waliuita safura. Siku hizi twasikia zaidi anemi, au kupungukiwa damu tu. Ndani ya damu mna chuma, na kwa chuma hicho damu huchukua hewa kifuani na kuipeleka katika kila kiungo. Damu ikipunguka, moyo hupiga mbio kama mtu apandaye mlima, miguu hulegea, macho huona giza mtu asimamapo, viganja na ndani ya kope huwa vyeupe. Mimba moja yadai karibu gramu moja nzima ya chuma, na mwili wa mwanamke hauna zaidi ya gramu tatu hivi. Ongeza damu ya kila mwezi, uzazi usio na nafasi, malaria inayovunja damu, na sahani yenye bukari ya muhogo na sombe bila ndakala, kwa kuwa ndakala wamekwisha katika sahani ya baba. Shirika la Afya la Ulimwengu lilihesabu kwamba katika mwaka 2019, wanawake 30 katika kila 100 wa umri wa kuzaa, duniani pote, walikuwa wamepungukiwa damu.

Basi, watu wetu hawaujui ugonjwa huu? Wanaujua sana, lakini kwa watoto. Mtoto akiishiwa damu kwa malaria, mtaa mzima huamka usiku. Huyu atoa baiskeli, yule atoa franka. Lakini mama anayembeba mgongoni, mwenye viganja vyeupe vile vile, hakuna anayemtazama. Yeye husemwa kuwa amechoka. Na kuchoka ni hali ya mwanamke, ndivyo tusemavyo.

Hapa pana kosa la kufikiri kabla hapajawa na kosa la kutenda. Seminarini tulifundishwa kutenganisha mambo mawili: lililo la kawaida na lililo la asili. Linalotokea kila siku si lazima liwe ndilo ambalo mtu aliumbiwa. Penye funza wengi watu wote huchechemea, wala hakuna asemaye kwamba miguu ya binadamu iliumbwa ichechemee. Lakini giza la macho ya mama kwenye kinu, kwa kuwa amelirithi kwa mama yake na jirani zake wote wanalo, limekosa jina. Na kisicho na jina hakipelekwi dispanseri.

Wengine hulipa jina, nalo ni uchawi: wachawi wananyonya damu ya mama usiku. Tusiwacheke upesi. Yuko kweli anayenyonya. Mnyoo wa safura huingia kwa nyayo za mtu akanyagaye udongo uliochafuliwa na choo, hujishika ndani ya utumbo, akanywa damu mchana na usiku. Kosa la watu si kudhani kwamba damu yanyonywa, bali kumtafuta mnyonyaji katika nyumba ya jirani.

Tena kuna hekima ya macho, isemayo kwamba chekundu huzaa chekundu. Mama hupewa nyanya ya kopo iliyokorogwa na sukari, au maji mekundu yaliyochemshiwa majani ya viazi. Majani yenyewe si mabaya, yaliwe, na yakiliwa pamoja na samaki mwili hupokea chuma chake vizuri zaidi. Lakini rangi peke yake haijamponya mtu. Vidonge vya chuma, ambavyo mama hupewa siku ya kupimwa mimba, hugeuza choo kuwa cheusi. Mama hushtuka, huvitupa, maana cheusi chawezaje kuleta damu? Wengine huambiwa chini ya mwembe kwamba vidonge vitamnenepesha mtoto hata asiweze kutoka. Mganga hakuwaambia kwamba choo kitageuka, na kwamba si neno. Maelezo ya dakika mbili yangeokoa vidonge vya miezi sita.

Turudi kwenye neno letu. Uvumilivu ni nini? Mtakatifu Tomaso wa Akwino afundisha kwamba ni fadhila inayoilinda akili isishindwe na huzuni, mtu asije akaliacha jema kwa sababu ya uchungu. Tazameni vema: uvumilivu hulinda jema fulani. Mama anyonyeshaye usiku kucha huku mgongo ukimuuma, alinda uhai wa mtoto. Huo ni uvumilivu. Yule tuliyemzika, kwa kunyamaza kwake, alilinda nini? Si uhai wake, wala si mama wa watoto wale sita. Alilinda amani ya nyumba, mtu asije akasema kwamba ni mvivu, kwamba anataka kula nyama, kwamba anamaliza fedha ya mume.

Mtu atatujibu: Je, Bwana wetu hakubeba msalaba akinyamaza? Ndiyo, aliubeba kwa hiari yake, kwa wokovu wetu. Lakini katika Evanjili yote hatusomi kwamba alimwambia mgonjwa hata mmoja arudi nyumbani akauvumilie ugonjwa wake. Hata Mtume Paulo aliomba mara tatu mwiba wake uondolewe, ndipo akaupokea.

Tena yuko yule mwanamke wa Evanjili ya Marko, sura ya tano, aliyetokwa damu miaka kumi na miwili. Huyu twamhubiri kila mara kama mfano wa imani, lakini twasahau ugonjwa wake. Viganja vyake bila shaka vilikuwa vyeupe. Alikuwa amekwenda kwa waganga wengi, mali yake yote ikaisha, asipate nafuu. Kwa Sheria alikuwa najisi, asiyepaswa kugusa mtu. Walakini alijipenyeza katika umati, akagusa vazi kwa nyuma, kwa siri. Yezu hakumwacha aondoke na siri yake. Aliuliza ni nani, akangoja, hata akaja akitetemeka, akaeleza mambo yake yote mbele ya watu, wanaume kwa wanawake. Hapo akamwita binti. Hakusifu ile miaka kumi na miwili. Alisifu imani iliyomsogeza.

Tungekosa sana, lakini, kama tungewatwika mama zetu peke yao kosa la kunyamaza. Mama atasema nini, kwa nani? Fedha ya dispanseri i mfukoni mwa mume. Ruhusa ya kwenda ni ya mume, na asipokuwapo, ya mama mkwe. Na siku damu inapotakiwa kwa chupa, mganga akiuliza ni nani katika jamaa atatoa, tumeona wanaume wenye vifua vipana, wavutao nyavu usiku mzima, wakitoka mmoja mmoja wakisema wanakwenda kutafuta maji. Waogopa kwamba damu ikitolewa hairudi. Hurudi, kwa mtu mzima mwenye chakula ni kazi ya majuma machache.

Basi twafikiri swali lenyewe liulizwe hivi: ni nani mwenye haki ya kusifu uvumilivu wa mtu? Mwenye kufaidika na ukimya wa mwenzake hafai kuuita fadhila. Mume hufaidika: shamba lalimwa, maji yafika. Na sisi wa kanisa twafaidika, tusijifiche. Ni mama hao hao wanaofagia kanisa siku ya Jumamosi na kuchota maji Padri anapofika. Tulisimama makaburini tukasifu kile kilichotufaa.

Mwezi uliofuata, katika mkutano wa mama wa parokia, tuliuliza ni nani juma lile ameona giza machoni akitwanga au akiinuka. Mikono yote iliinuka, ila mmoja, wa bibi mzee, naye akacheka akasema kwake giza liliisha alipoacha kuzaa. Tukauliza ni nani amemwambia mumewe. Mikono miwili.

Jumapili, baada ya sala, tuliwakalisha wanaume chini ya mti tukawapa hesabu ile. Walinyamaza muda mrefu. Mmoja, mvuvi, baba wa watoto watano, akasema: "Mwalimu, nimemwona wangu akijishika ukutani kila asubuhi tangu nilipomwoa. Nilidhani ndivyo wanavyoamka."