Mchanga wa msikiti umetoka wapi?

Likitufika jambo la maji, iwe ni mafuriko au bahari kumega kiwanja cha mtu, haraka tunasema: ni Qadar ya Allah (SW). Kauli hiyo ni ya haki na hakuna Muislamu wa kuipinga. Lakini mimi nimeanza kuiogopa inapotamkwa na mtu ambaye mkono wake umo ndani ya jambo lenyewe.

Nilikuwa Kunduchi, kaskazini ya Dar es Salaam, alasiri moja ya bamvua. Mzee mmoja mvuvi alininyooshea kidole kwenye mawimbi akasema, "Pale ndipo tulipokuwa tukianika dagaa." Nikamjibu kwa ile kauli yetu. Akanitazama kidogo. "Sawa, mwanangu. Na malori ya mchanga?"

Bahari ina kawaida yake aliyoiwekea Muumba. Kusi ikivuma, mawimbi hupiga ufukwe kwa upande na kuusukuma mchanga kuelekea kaskazini. Kaskazi ikiingia, sehemu ya mchanga huo hurudi. Ufukwe basi haukutulia, ni msafiri. Unaopotea hufidiwa na ule unaoteremshwa na mito, mchanga wa mawe ya bara yaliyolika kwa jua na mvua kwa maelfu ya miaka. Kwa Kunduchi na jirani zake, kazi hiyo hufanywa na mito ya msimu kama Tegeta na Mbezi. Matumbawe nayo huyavunja mawimbi nguvu kabla hayajafika nchi kavu.

Sisi tumechimba mchanga mitoni kujengea jiji, na wapo waliopasua matumbawe kwa baruti wakitafuta samaki. Bahari ikaendelea kuchukua kama desturi yake, ila safari hii hakuna kinachorudishwa. Hoteli ya Africana iliachwa baada ya ufukwe wake kuliwa. Leo Africana ni kituo cha daladala, na sidhani kama wengi wanaoshuka pale wanajua jina limetoka wapi. Mwenye uwezo hujenga kizuizi cha mawe kuingia baharini. Mchanga ukakwama upande wake, jirani wa upande wa pili akazidi kumegwa.

Sayyidna Umar (RA) alipokuwa njiani kwenda Sham akasikia kuna tauni, aliamua kurudi. Abu Ubayda (RA) akamuuliza kama anaikimbia Qadar ya Allah, na jibu lake, kwa maana yake, ni kuwa anatoka kwenye Qadar moja kwenda nyingine. Kwa hiyo Qadar haikuwa kwake sababu ya kukaa kimya. Na Mtume (SAW) alitupigia mfano wa watu wa jahazi, walio chini wakitaka kutoboa sehemu yao wenyewe ili wapate maji. Kwetu mambo yamegeuka: wanaotoboa ni sisi wa juu ya mto, na wanaozama ni wa chini, ambao hatuwajui hata kwa sura.

Nasema sisi kwa kuwa nimo. Nilikuwa kwenye kamati msikiti wetu ulipojengwa. Mchanga uliletwa kwa malori, tukaomba dua kwa waliouchangia, na hakuna aliyeuliza umechotwa wapi. Tungeletewa nyama tungeuliza nani amechinja! Nilipolieleza hili kwenye kikao, mwenyekiti akaniuliza, "Kwa hiyo Ustadh, tubomoe?" Sikutaka hilo, na jibu sikuwa nalo. Bado nasali humo, safu ya kwanza nikiwahi.

Kwa jengo la madrasa tulikubaliana, kwa tabu, kwamba mchanga ununuliwe kwenye machimbo yenye kibali, mbali na mito. Bei ya lori moja imepanda kwa sababu ya masafa. Mfadhili wetu mmoja ametuambia kwamba kwa bei hiyo, fedha zake zitaishia kwenye msingi.