Akiba Isiyooza: Maadili ya Kumiliki Matoleo ya Kwanza ya Falsafa ya Uhuru

Katika sura ya tano ya sehemu ya pili ya Two Treatises of Government, John Locke anaiwekea mipaka miwili haki ya mtu kujitwalia mali. Mpaka wa kwanza ni kwamba anayetwaa sharti awaachie wengine kiasi cha kutosha, na chenye ubora ule ule. Mpaka wa pili ni kwamba asitwae zaidi ya anachoweza kukitumia kabla hakijaoza, kwani tunda linalooza ghalani mwa mtu mmoja limetolewa kinywani mwa mwingine. Lakini Locke huyo huyo anaufungua mlango wa uani. Dhahabu na fedha haziozi. Watu walipokubaliana kuzitumia kama sarafu, walikubali pia kwamba mtu anaweza kulimbikiza kupita mahitaji yake bila ya kuhesabiwa kuwa dhalimu. Waswahili husema akiba haiozi. Methali hiyo humsifu mwenye kuweka. Hoja ya Locke humtakasa. Makala haya yanakusudia kuuliza swali dogo linalozaliwa na hoja hiyo kubwa. Je, kitabu chenyewe cha Locke, kikiwa ni toleo la kwanza lililofungiwa katika kabati la mtu binafsi, ni akiba isiyooza au ni tunda linalooza?

Swali hili si la mzaha. Ukusanyaji wa vitabu vikuukuu vya falsafa ya uliberali wa jadi, yaani vya Locke, Algernon Sidney, David Hume, Adam Smith na John Stuart Mill, ni desturi ya siku nyingi katika Uingereza na Marekani. Desturi hiyo ina soko lake, minada yake na istilahi zake. Mkusanyaji huthamini mwaka ulioandikwa katika ukurasa wa anwani, jalada la awali, sahihi ya mwenye kitabu wa kwanza na maandishi ya pambizoni. Kwa mhakiki aliyefunzwa kuitafuta maana ndani ya matini, haya yote huonekana kuwa mambo ya nje. Hoja ya Mill kuhusu uhuru wa kusema haiongezeki nguvu kwa kusomwa katika nakala ya mwaka 1859, wala haipungui kwa kusomwa katika nakala ya bei rahisi iliyochanika jalada. Isitoshe, pana kinaya hapa. Vitabu vilivyoandikwa ili kumwondoa mtu chini ya mamlaka yasiyo na mipaka ya wachache vimegeuka kuwa vitu ambavyo ni wachache tu wawezao kuvimiliki.

Pingamizi hili linapata nguvu zaidi likitazamwa kwa jicho la uhakiki wa matini. Dhana ya toleo la kwanza hubeba imani kwamba nakala iliyotangulia ndiyo iliyo karibu zaidi na nafsi ya mwandishi. Historia ya Two Treatises haiungi mkono imani hiyo. Kitabu hicho kilitoka London mwishoni mwa mwaka 1689, kikiwa kimetiwa tarehe ya 1690, bila ya jina la mwandishi. Dibaji yake inakiri kwamba sehemu ya kati ya maandishi, iliyokuwa ndefu kuliko yote yaliyosalia, imepotea. Locke hakuridhika na kazi ya wapiga chapa wake, naye aliendelea kuyasahihisha maneno yake katika nakala za baadaye. Peter Laslett alipoandaa toleo la kihakiki la mwaka 1960, hakuitegemea chapa ya kwanza. Alitegemea nakala ya chapa ya mwaka 1698 iliyotiwa masahihisho kwa mkono wa Locke na wa msaidizi wake Pierre Coste, ambayo imehifadhiwa katika Christ's College, Cambridge. Kwa hivyo anayetoa fedha nyingi ili apate toleo la kwanza ananunua, kwa kiasi fulani, makosa ambayo mwandishi alitaka yafutwe.

Hata hivyo, itakuwa ni pupa kuhitimisha kwamba mkusanyaji ni mwabudu karatasi tu. Ukurasa wa anwani usiokuwa na jina ni matini nao, na unasomeka. Mwaka 1683 Algernon Sidney alishtakiwa kwa uhaini. Sheria ilidai mashahidi wawili, naye shahidi aliyepatikana alikuwa mmoja. Maandishi yake ambayo hayajachapwa yakafanywa shahidi wa pili. Sidney alikatwa kichwa, na maandishi hayo, Discourses Concerning Government, hayakuchapwa hadi mwaka 1698. Katika mwaka ule ule wa 1683 Locke alikimbilia Uholanzi. Hata mwaka 1703, alipokuwa akimshauri kasisi mmoja juu ya vitabu vya kusoma, aliisifu Two Treatises kana kwamba imeandikwa na mtu mwingine. Nakala za leo, zenye jina la Locke kwa herufi kubwa katika jalada, zinaihifadhi hoja lakini zinaifuta hofu. Msomaji wa Kenya anaweza kulielewa jambo hili upesi, kwani anajua kwamba kijitabu Kenya: Twendapi? kilimtia Abdilatif Abdalla kifungoni kuanzia mwaka 1969 hadi 1972. Nakala ya maandishi ya namna hiyo si chombo cha kubebea maneno tu. Ni kielelezo cha gharama ambayo maneno hayo yalimtoza aliyeyasema.

Kuna pia faida ya kiilimu. Kwa muda mrefu palikuwa na kijitabu kidogo cha mwaka 1740, muhtasari wa kazi kuu ya Hume, A Treatise of Human Nature, ambacho baadhi ya wataalamu walidhani kiliandikwa na Adam Smith alipokuwa kijana. Mwaka 1938 John Maynard Keynes, ambaye alikuwa mkusanyaji hodari, pamoja na Piero Sraffa, walikichapisha upya kutokana na nakala iliyomfikia Keynes, wakaonyesha kwamba mwandishi wake ni Hume mwenyewe. Makarasa machache ambayo wengi wangeyatupa yalibadilisha jinsi mwanafalsafa mmoja anavyofahamika kujitafsiri. Bila ya watu wenye kuokota na kuweka, mhakiki hana cha kuhakiki.

Ikiwa hoja za pande zote mbili zina uzito, inafaa mkusanyaji apimwe kwa mizani ya Locke mwenyewe. Kwanza, ni lazima kutenganisha matini na kitu. Matini ya Locke inaweza kunakiliwa bila ya kikomo, na anayeimiliki nakala moja huwaachia wengine kiasi cha kutosha chenye ubora ule ule, au hata bora zaidi, kama ilivyoonekana katika kazi ya Laslett. Kitu, yaani nakala yenyewe ya mwaka 1689, hakinakiliki. Kila inayoingia kabatini mwa mmoja inapungua kwa wote. Sharti la kwanza, basi, haliwezi kutimizwa kabisa, na haki ya mkusanyaji haisimami juu ya kazi ya mikono yake. Waliochanganya jasho lao na kitu hiki ni wakusanyaji wa matambara yaliyosagwa kuwa karatasi, wapanga herufi na wapiga chapa. Mkusanyaji amekipata kwa fedha tu, yaani kwa kupitia ule mlango wa uani.

Sharti la pili ndilo lenye mafunzo zaidi. Kwa nje, kitabu kinafanana na dhahabu: karatasi ya matambara ya karne ya 17 hudumu kuliko karatasi nyingi za mbao za karne ya 19. Mwenye nacho anaweza kudai kwamba hakuna kinachoharibika mikononi mwake. Lakini madai hayo yanatazama kitu na kusahau sababu iliyokipa thamani. Imekwisha kuonyeshwa kwamba thamani halali ya toleo la kwanza ni ushahidi wake. Ushahidi usioulizwa na mtu yeyote hauna tofauti na ushahidi uliochomwa moto. Kinachooza kabatini si karatasi bali ni ushahidi, nao huoza polepole bila ya kunuka, ndiyo maana mwenyewe hatambui. Hapa methali na hoja ya Locke zote mbili zinahitaji kusahihishwa: iko akiba inayooza kwa sababu ya kuwekwa.

Neno linalofaa kwa umiliki wa namna hii ni amana. Neno hili haliko mbali na Locke, kwa kuwa ndilo msingi wa nadharia yake ya utawala. Mtawala hana mamlaka kama mali yake. Amekabidhiwa kwa ajili ya manufaa ya wananchi, na akiyakiuka makusudio ya amana, mamlaka hurudi kwa wenyewe. Baadhi ya wakusanyaji mashuhuri wa vitabu hivi waliishi kana kwamba walilielewa hilo. Thomas Hollis, aliyeishi kati ya 1720 na 1774, alinunua vitabu vya uhuru, akavitia majalada mazuri yaliyopigwa chapa ya alama kama kofia ya uhuru na bundi, kisha akavigawa, mara nyingi bila ya kulitaja jina lake. Maktaba ya Harvard ilipoungua mwezi wa Januari 1764, Hollis alipeleka vitabu vingi huko. Ile nakala ya Locke iliyoko Cambridge ilitoka mikononi mwake pia. Maktaba ya kwanza ya Herbert Somerton Foxwell, aliyekusanya maandishi ya uchumi, ilinunuliwa na chama cha wafua dhahabu wa London mwaka 1901 na kukabidhiwa Chuo Kikuu cha London mwaka 1903.

Mtu anaweza kujibu kwamba kumpa tajiri kitabu si kukiachilia huru. Mlango wa Harvard nao ni mlango. Jibu hilo ni la haki, na linaonyesha kwamba swali la amana haliishi kwa kutaja kutoa, bali hudai kujua anayepewa ni nani. Vitabu vya Mill mwenyewe, vyenye maandishi yake ya pambizoni, vilitolewa mwaka 1905 kwa Somerville College, chuo cha wanawake, wakati ambapo Oxford ilikuwa bado haiwapi wanawake shahada; ilianza kuwapa mwaka 1920. Nitobe Inazo alinunua takriban vitabu 300 vya maktaba ya Adam Smith mwaka 1920 akavikabidhi chuo kikuu cha Tokyo. Naye Mill, alipokuwa hai, aliliacha fungu lake la faida ili nakala za bei rahisi za vitabu vyake, On Liberty kikiwamo, ziwafikie wafanyakazi mwaka 1865. Mkusanyaji anayeitukuza nakala ya 1859 na kuidharau ile ya 1865 amekosea katika kusoma mapenzi ya mwandishi.

Aidha, amana hii ina deni ambalo haifai kufichwa na uzuri wa majalada. Locke alikuwa na hisa katika Royal African Company, iliyofanya biashara ya watumwa, na alishiriki katika kutunga katiba ya Carolina ya mwaka 1669 iliyompa mtu huru mamlaka kamili juu ya mtumwa wake. Mill aliitumikia kampuni ya East India kuanzia 1823 hadi 1858, na katika On Liberty aliziweka kando jamii alizoziona kuwa bado changa. Waafrika hawakuwamo katika hesabu ya waandishi hawa kama wasomaji. Hata hivyo, katika miaka ya 1940 Julius Nyerere, akiwa mwanafunzi wa Makerere, alizichukua hoja za Mill katika The Subjection of Women na kuzitumia kuichambua hali ya wanawake katika jamii yake ya Wazanaki. Hakuhitaji toleo la kwanza la 1869 ili afanye hivyo. Alihitaji kitabu kiwe mahali anapoweza kukifikia. Msomaji ambaye mwandishi hakumtarajia ndiye aliyeizuia hoja isioze.

Mnamo mwezi wa Septemba 1704, wiki chache kabla ya kufariki, Locke aliongeza kipengele katika wasia wake. Maktaba ya Bodleian ilikuwa imeviomba vitabu vyake, naye akaipa hata vile alivyovichapisha bila ya jina, Two Treatises kikiwa mojawapo. Hivyo ndivyo alivyokiri hatimaye kwamba kitabu ni chake. Mwandishi aliyetoa hoja mashuhuri ya haki ya mtu kumiliki mali alikiita kitabu hicho mali yake katika tendo lile lile la kukitoa. Anayekimiliki leo ana haki ya kukipenda, kukitunza na hata kujivunia. Ila anapaswa kujiuliza, kila anapofunga kabati lake, ni nani anayekihitaji aliyebaki nje.