Je, Afungaye Dirisha Amemtukana Jirani?



Siku hizi kimezuka chombo kipya cha kulinda nyumba. Ni komeo la dirisha lenye kihisi, yaani kitu kidogo kinachotambua kwamba dirisha limefunguliwa. Likifunguliwa, hupiga king'ora, au hupeleka habari katika simu ya mwenye nyumba, hata akiwa safarini. Mtu wa Namanyere akiwa na chombo hicho, na mtandao wa simu ukiwapo, aweza kuwa sokoni Sumbawanga akiuza mahindi yake, akaambiwa papo hapo ya kuwa dirisha la chumba chake limefunguliwa.

Wako watu wasiopendezwa na jambo hili. Husema kwamba mahali ambapo watu hujuana kwa majina, na watoto huingia nyumba hii na hii, makomeo ni matusi. Afungaye namna hiyo amewaambia majirani wote, "Ninyi ni wezi." Neno hili lisipuuzwe, kwa maana wanaolisema hawatetei wezi, wanatetea ujirani. Basi na tulipime.

Kwanza tujue kazi ya chombo chenyewe. Kina vipande viwili. Kimoja, chenye sumaku, hukazwa juu ya ubao wa dirisha. Cha pili, chenye betri, hukazwa katika mwimo. Ndani ya hicho cha pili mara nyingi mna bomba dogo la kioo lenye vyuma viwili vyembamba. Dirisha likiwa limefungwa, sumaku huvivuta vyuma vigusane, na umeme hupita. Likifunguliwa, sumaku huwa mbali, vyuma huachana, na kule kukatika kwa umeme ndiko kunakotoa habari. Vyombo vingi huandika pia saa jambo hilo lilipotukia.

Sasa tutazame nyumba isiyo na komeo. Kitu kikipotea, fedha ya ada au redio, mwenye nyumba huanza kuhesabu watu: ni nani aliyeingia jana? Mtumishi, mtoto wa jirani, shemeji aliyelala siku mbili. Hana ushahidi, lakini mithali isemayo "Kikulacho ki nguoni mwako" humjia kinywani, na kabla ya jua kuchwa mtu mmoja amekwisha kuhukumiwa moyoni mwake. Tangu siku ile salamu hupoa. Huenda mwizi alikuwa mpita njia, naye yuko mbali. Aliyebaki karibu ndiye anayebeba lawama. Nasi wa Ufipa tusisahau ya kuwa jina la Sumbawanga lenyewe, katika Kifipa, husemwa maana yake ni "tupa uchawi". Wanaolitaja kila siku yafaa wajue jinsi shuku inavyoweza kumharibu mtu asiye na kosa.

Lakini komeo halimtaji mtu kwa jina. Humfungia mwema na mwovu sawasawa, wala hakuna apaswaye kuona haya mbele yake. Humsaidia pia kijana aliye katika jaribu, kwa kuwa halimwekei mali mkononi. Na chombo kilichoandika kwamba dirisha lilifunguliwa saa nane za usiku humtetea mtumishi aliyeondoka kwenda kwao saa kumi na mbili za jioni. Hakisemi ni nani aliyefungua. Neno hilo lahitaji ushahidi. Basi kwa upande huu afungaye hakumtukana jirani, bali amemwondolea mzigo.

Lakini iko hatari nyingine: kudhani kwamba aliyenunua komeo hawahitaji watu tena. Chombo hiki kina asili ya zamani. Mwaka 1853 mchungaji Augustus Russell Pope wa Massachusetts, katika Marekani, alipata hati ya kengele ya umeme iliyolia mlango au dirisha lilipofunguliwa. Mwaka 1857 Edwin Holmes alinunua haki zake, akaifanya biashara. Baadaye ikaonekana ya kuwa kengele kulia ndani ya nyumba hakutoshi; nyumba zikaunganishwa kwa waya na ofisi moja ambamo walinzi walikaa usiku na mchana. Ndivyo walivyojifunza kwamba kengele ni nusu ya kazi, na nusu ya pili ni mtu anayeondoka alipo na kuja.

Sisi twalijua hili bila waya. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, katika nchi ya Wasukuma na Wanyamwezi, watu waliochoshwa na wezi wa ng'ombe walianzisha sungusungu. Yowe lilipopigwa, lilipokewa kijiji kwa kijiji, na asiyeitika alitozwa faini. Mwaka 1989 sheria ya nchi ikawatambua. Walakini mahali pengine wao hao waliwapiga watu kabla ya kuwasikiliza, na vikongwe waliodhaniwa kuwa wachawi wakaumia. Basi kuja haraka hakutoshi. Yampasa ajaye aje na moyo wa haki.

Tena, ulinzi usiwe kifungo cha wale wanaolindwa. Mwezi wa Machi 1998 bweni la wasichana la Bombolulu, katika Kenya, liliungua usiku. Madirisha yalikuwa na nondo, na mlango mmoja ulikuwa umefungwa. Wasichana zaidi ya 20 wakafa. Wengi wetu tuna nondo katika vyumba wanamolala watoto. Hapa kihisi chaweza kuwa na faida kuliko chuma: dirisha laweza kufunguliwa kwa ndani na mtoto, na bado likatoa habari likifunguliwa na mgeni.

Kwa hiyo, ndugu, mwenye fedha ya kununua chombo hiki na akinunue bila haya. Ila kabla ya kukikaza ajiulize maneno mawili. Moto ukiwaka, mtoto wangu atatokea wapi? Na habari ikinifikia nikiwa Sumbawanga, ni nani wa hapa Namanyere nitakayempigia simu saa nane za usiku, naye akaamka? Akikosa jibu la swali hili la pili, bado hajawa na ulinzi. Na aanze kwa kumwendea jirani yake, amwonyeshe chombo, amweleze kazi yake, amwombe msaada. Jirani aliyeombwa hivyo hatasema ya kuwa ametukanwa. Atajua kwamba ameaminiwa.