Mchanga wa Mto ni Mali ya Nani?

Kila asafiriye kwa gari la moshi au kwa basi baina ya Mombasa na Nairobi hupita katika nchi ya Makueni: Mtito Andei, Kibwezi, Makindu, hata Sultan Hamud, mji uitwao kwa jina la Sultani wa Unguja. Wakati wa kiangazi huona vichaka vya miba visivyo na jani, mibuyu mikavu, na madaraja yaliyojengwa juu ya mito isiyo na maji. Na sisi watu wa pwani tuna neno letu moja la kuihukumu nchi hiyo, nalo ni "nyika". Na kwa wengi wetu maana yake ni mahali pasipo kitu, na watu wasio na la kutufunza. Hukumu hiyo si ya haki. Na chini ya mito ile mikavu mna suala ambalo yampasa kila mwenye akili alifikiri.

Makueni na jirani yake Kitui si jangwa. Mvua huja mara mbili kwa mwaka, Machi hata Mei, na Oktoba hata Disemba. Ila huja kwa nguvu na kwa siku chache, na pengine haiji kabisa. Maji hupita kwa kishindo katika mito ya Kaiti na Thwake upande wa Makueni, na Tiva na Thua upande wa Kitui, kisha hubaki mchanga mtupu. Mpita njia husema mto umekufa. Mkamba hasemi hivyo. Hushuka mtoni, akachimba mchangani, maji yakajaa taratibu, akateka. Mchanga ndio mtungi wake: maji yaliyo chini sana jua haliyafikii, mbu hawapati pa kuzalia, na hujichuja yapitapo baina ya chembe.

Wala watu wale hawakutosheka na mtungi huo walioukuta. Tangu miaka ya 1950 zimejengwa kuta za kukinga mito hiyo, zikisimama juu ya mwamba. Mafuriko huleta mchanga ukajaa nyuma ya ukuta, na maji yakakaa ndani ya mchanga. Mwaka 1978 marehemu Joshua Mukusya na wenzake walianzisha kikundi cha Utooni, kikaifanya kazi hii; na huko Kitui jumuiya ya SASOL imesaidia kujenga kuta kwa mamia tangu miaka ya 1990. Lakini mawe hubebwa na wenyeji, na wengi wao ni wanawake, kwa desturi yao ya kale iitwayo mwethya: watu wa mtaa hukusanyika wakafanya kazi moja kwa faida ya wote.

Basi sasa yaja malori. Miji inakua, majumba yapanda, na saruji haijengi bila ya mchanga. Mwenye shamba lililo kando ya mto huuza, na akiulizwa ana hoja tatu. Husema: shamba ni langu; mimi ni maskini na watoto wataka karo; na mchanga utarudi mvua zikija. Hoja hizi hazifai kudharauliwa, kwani huyu hauzi kwa anasa, na mara nyingi apatacho ni kidogo kuliko apatacho mwenye lori.

Hata hivyo tuzipime. Mchanga hurudi, lakini hurudi kidogo kidogo. Lori huchukua kwa usiku mmoja kilicholetwa na mafuriko mengi. Mto ukichimbwa hata mwamba ukaonekana, maji hayana tena pa kukaa. Kingo huporomoka, visima hukauka, na mwanamke aliyekuwa akiteka karibu huenda mwendo wa saa nyingi. Na umaskini wake ni udhuru, lakini jirani yake naye ni maskini. Ama hoja ya umiliki, hiyo ndiyo kubwa. Mchanga ule umetoka katika miteremko ya watu wengi, na maji yaliyomo ndani yake ni ya watu wengi. Mwenye shamba anaweza kumiliki ukingo. Hamiliki kiu ya mwenziwe. Wanazuoni wetu hawakuacha kufundisha kwamba mtu hana ruhusa kuitumia haki yake kwa namna ya kumdhuru jirani. Auzaye mchanga huo hauzi chombo tu. Auza na kilichomo, nacho si chake peke yake.

Serikali ya Makueni ilitunga sheria mwaka 2015 ya kuhifadhi mchanga na kusimamia matumizi yake, nayo ni hatua njema. Lakini sheria hulala na malori hutembea usiku. Ugomvi huu umekwisha kumwaga damu. Mwaka 2011 askari polisi aliuawa huko Makueni kwa sababu ya kuwazuia wachimbaji. Hapo ndipo twamgeukia mnunuzi. Lau asingekuwako wa kununua bila ya kuuliza, asingekuwako wa kuchimba bila ya kuogopa. Ajengaye nyumba huuliza bei ya kila lori. Mbona haulizi limetoka mto gani?

Wala asiseme mtu wa pwani kuwa hayo ni ya bara. Maji ya Mzima yanywewayo Mombasa asili yake ni mvua inyeshayo vilima vya Chyulu, mpakani mwa Makueni. Na mto Athi, upitao baina ya Makueni na Kitui, ndio huo tuuitao Sabaki ufikapo Malindi. Na visima vya Baricho, vinavyotupa maji, vimechimbwa katika mchanga wa mto huo. Basi nasi twanywa kutoka mchangani, kama yule tuliyemwita mtu wa nyika. Tofauti ni kwamba yeye ajua maji yake yalipo na huyalinda kwa mikono yake, na sisi twafungua bomba tukaliacha likimwagika, kisha twalalamika lisipotoa.